Kinga ya Klipfishi Iko Mahali, Haiko Rangini

Maji yanapokupwa kwenye miamba ya Rasi, kusini kabisa mwa Afrika, huacha nyuma vidimbwi vya kila ukubwa. Humo ndimo wanamoishi klipfishi, samaki wadogo wa jamii ya Clinidae ambao wengi wao hawafikii hata sentimita 15. Mtu anaweza kukiinamia kidimbwi kwa muda mrefu asione kitu ila mwani, hadi kipande kimoja cha mwani huo kigeuze macho kimtazame.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi kuhusu samaki hawa huishia hapo: amefanana na mwani, basi amesalimika. Maelezo hayo hayana uongo, ila yanajibu sehemu ndogo ya swali. Amefanana na mwani machoni pa nani? Anafananaje, ilhali kidimbwi kimoja huwa na mwani mwekundu, wa kijani na wa kahawia? Na mwani ukiondoka, anabaki na nini? Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba kinga ya klipfishi imefungamana na mahali pamoja mahususi. Rangi ni sehemu tu ya mafungamano hayo. Humo ndimo nguvu yake ilimo, na udhaifu wake umo humo humo.

Wenyeji wa maji baridi

Jamii ya Clinidae ina spishi zaidi ya 80 duniani. Takriban 40 kati ya hizo ziko kusini mwa Afrika, na karibu zote hazipatikani kwingine. Zilizosalia zimetawanyika Australia, New Zealand, California, Chile na kwingineko, hata Mediterania. Ukizitia kwenye ramani, jambo moja hujitokeza: karibu kila zilipo, maji ni ya baridi au ya wastani na mwani umesitawi.

Rasi inatimiza masharti hayo kuliko pwani nyingi. Upande wa magharibi upepo husukuma maji ya juu kuelekea bahari kuu, na maji baridi ya kilindini yenye rutuba hupanda kushika nafasi yake. Rutuba hiyo hulisha misitu ya mwani mkubwa wa kahawia, Ecklonia maxima, unaoweza kupita urefu wa mita 10. Upande wa mashariki mkondo wa Agulhas huteremsha maji ya moto kutoka kaskazini. Katikati ya mikondo hiyo miwili kuna pwani ndefu ya miamba yenye mwani wa aina nyingi, na klipfishi wamejigawia maficho yake: wengine vidimbwini, wengine chini ya mawe, wengine katikati ya mashina ya mwani kwenye maji yasiyokauka.

Anayejulikana zaidi ni Clinus superciliosus, aliyepewa jina la kisayansi na Linnaeus mwaka 1758, naye hufikia sentimita 30. Mwili wake ni mrefu, umebanwa mbavuni. Pezi la mgongoni huanzia karibu na kichwa na kuishia mkiani, na miiba yake ya mbele imeinuka ikawa kishungi. Juu ya kila jicho kuna vijinyama vilivyochanika chanika. Umbo hilo linafanya kazi hata kabla rangi haijahesabiwa. Mwanazuolojia Mwingereza Hugh Cott, katika kitabu chake cha mwaka 1940 kuhusu rangi za wanyama, alieleza kwa kirefu kwamba jicho la mwindaji hutafuta ukingo wa mwili na duara la jicho. Kiumbe anayeuvunja ukingo wake na kulificha jicho lake amekwisha kupunguza sehemu ya hatari, hata kama rangi yake hailingani sawasawa na ya mahali alipo.

Rangi za klipfishi zimewapoteza hata wataalamu. Spishi moja inaweza kuwa na samaki wekundu, wa kijani na wenye mabaka, na spishi mbili tofauti zikaonekana sawa kwa sababu zinaishi kwenye mwani mmoja. J.L.B. Smith, yule aliyeutambulisha ulimwengu kwa silikanti mwaka 1939, aliandika kuhusu jamii hii katika miaka ya 1940. Mary-Louise Penrith akaipanga upya mwaka 1969. Hata hivyo, mwaka 2012 Wouter Holleman, Sophie von der Heyden na Guido Zsilavecz walionyesha kwamba wale walioitwa Clinus superciliosus hawakuwa spishi moja. Majina mawili yaliyotolewa mwaka 1908 na kuachwa yalirudishwa, na spishi mbili mpya zikaelezwa. Samaki aliye ufukweni, anayefikiwa kwa miguu mikavu, alikuwa amejificha katikati ya jina la mwingine kwa zaidi ya karne.

Jinsi ngozi inavyobadilika

Ngozi ya samaki ina chembe za rangi za namna mbalimbali. Zipo zenye rangi nyeusi na kahawia, zenye manjano, zenye wekundu, na zile zisizo na rangi bali vibamba vinavyorudisha mwanga. Mabadiliko huenda kwa kasi mbili. Ya haraka hutokea pale punje za rangi zinaposambaa ndani ya chembe au kujikusanya katikati yake: zikisambaa ngozi hukolea, zikijikusanya hupauka. Kazi hiyo huongozwa na neva na homoni. Ya polepole huchukua siku au majuma, kwa sababu mwili hulazimika kuongeza au kupunguza chembe zenyewe.

Amri hutoka machoni. Georges Pouchet wa Ufaransa alionyesha katika karne ya 19 kwamba samaki bapa aliyepofushwa hupoteza uwezo wa kulinganisha ngozi yake na mchanga. Samaki hupima mwanga unaoshuka kutoka juu dhidi ya mwanga unaorudi kutoka chini, na uwiano wa hayo mawili humwambia kama amelala mahali peupe au peusi. Kwa hiyo rangi yake ya wakati huo ni makadirio ambayo macho yameyafanya kuhusu mahali alipo, na makadirio hayo hubadilika akihama.

Kasi ya makadirio hayo ilipimwa vizuri kwa gobi wa vidimbwini, Gobius paganellus, kwenye pwani ya Cornwall nchini Uingereza. Mwaka 2014 Martin Stevens na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba gobi hao hubadili mwangaza na rangi ya ngozi ndani ya dakika moja. Kwa samaki ambaye wimbi linaweza kumtoa kwenye mwamba mweusi na kumtua kwenye mchanga mweupe kwa mpigo mmoja, dakika moja ni muda wa kufa au kupona.

Mabadiliko ya polepole yana mfano wake kwa ndugu wa klipfishi walioko California. Carol Stepien alimchunguza Heterostichus rostratus, mkubwa kuliko wote katika jamii ya Clinidae, anayefikia sentimita 61. Aliona kwamba samaki wachanga na majike hufuata rangi ya mimea wanayokaa, iwe nyekundu, kijani au kahawia, wakati madume wakubwa wengi ni wa kahawia. Tofauti hiyo ina mantiki yake: huko dume hulinda mayai, hivyo amefungwa kwenye aina moja ya mahali, naye jike huzunguka. Katika spishi moja, basi, rangi ya kila mmoja hutokana na kazi aliyonayo na mahali ambapo kazi hiyo inamweka.

Kina cha maji nacho kinahusika. Katika bahari yenye kina, wekundu ndio unaotangulia kupotea, kwa kuwa maji hunyonya mwanga mwekundu upesi. Samaki mwekundu aliye mita kadhaa chini huonekana wa kijivu. Katika kidimbwi kisichofika nusu mita mambo ni tofauti. Jua hufika chini likiwa na rangi zake zote, kwa hiyo klipfishi anayekaa katika mwani mwekundu hana njia ya mkato. Hawezi kuutegemea ubovu wa mwanga umfiche. Lazima awe mwekundu kwelikweli.

Machoni pa nani?

Je, kufanana huko kunaokoa maisha? Kwa muda mrefu jambo hili lilichukuliwa kuwa dhahiri bila kupimwa. Francis Sumner wa Taasisi ya Scripps, California, aliamua kulipima. Mwaka 1934 alichapisha majaribio ambamo vijisamaki vya Gambusia vilivyokwisha kuzoea mahali peupe au peusi viliwekwa pamoja kwenye birika la rangi moja, kisha pengwini wakaachiwa wawinde. Waliolingana na birika waliliwa wachache kuliko wasiolingana. Baadaye aliendelea na majaribio ambamo mwindaji naye alikuwa samaki, na mwelekeo ukabaki ule ule. Ushahidi ulikuwa wazi, pamoja na mpaka wake: waliolingana waliliwa pia, ila kwa uchache. Rangi hupunguza hatari, haiifuti.

Sasa turudi Rasi tuwahesabu maadui wa klipfishi. Wapo ndege: korongo wanaosimama kando ya vidimbwi, shakwe, na mnandi wanaozamia kwenye misitu ya mwani. Hawa huwinda kwa macho, na macho ya ndege huona rangi vizuri sana, hata zile ambazo sisi hatuzioni. Dhidi yao rangi na umbo ni silaha ya kweli.

Wapo pia wasiojali rangi. Pweza hana uwezo wa kutofautisha rangi kama ndege. Zaidi ya hayo, huingiza mikono yake kwenye nyufa na kupapasa, na vinyonyeo vyake huonja anachokigusa. Fisi maji wa Rasi, ambaye huja kuwinda ufukweni na ambaye klipfishi ni sehemu ya chakula chake, hupapasa chini ya mawe kwa vidole na kuhisi kwa masharubu. Kwa wawindaji hawa wawili klipfishi angeweza kuwa na rangi yoyote, isimsaidie. Kinachomwokoa ni ufinyu wa ufa, wingi wa mwani, na kutulia bila kutikisika.

Kutokana na hesabu hiyo tunapata sheria ndogo yenye uzito: rangi hujibu jicho, na mahali hujibu mkono. B.A. Bennett na Charles Griffiths walipochunguza samaki wa vidimbwi vya Rasi, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1984, ukubwa wa kidimbwi na maficho yaliyomo, yaani mawe na mwani, vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoeleza nani anaishi wapi na kwa wingi gani. Samaki hawa hutawanyika kufuata maficho.

Maficho hayo yana kazi ya pili. Klipfishi mwenyewe ni mwindaji. Hula kaa wadogo, konokono na vidudu vya jamii ya uduvi vinavyotambaa kwenye mwani. Anayejificha asionekane na korongo ndiye yule yule asiyeonekana na mlo wake. Ngao yake ni mtego wake, na vyote viwili vimeshonwa kwa mwani mmoja.

Kukijua kidimbwi

Kubaki mahali pamoja kuna bei. Kidimbwi kilichotengwa na bahari hupashwa na jua. Mvua ikinyesha, chumvi hupungua. Mchana mwani hutoa oksijeni kupita kiasi; usiku mwani na wanyama wote huivuta, ikashuka, na maji yakaelekea kuwa na asidi. Samaki wa bahari wazi akitiwa humo anaweza kufa kabla ya maji kurudi. Wakazi wa vidimbwi huvumilia, na wengi wao wakizidiwa huweza kuvuta hewa moja kwa moja kwa ngozi na matamvua yenye unyevu.

Anayelipa bei hiyo hupata faida ya kupajua mahali pake. Jambo hili limethibitishwa kwa samaki wa jamii nyingine wenye maisha ya namna hiyo hiyo. Lester Aronson, akifanya kazi Bimini katika Bahamas, alimchunguza gobi Bathygobius soporator ambaye maji yakikupwa huruka kutoka kidimbwi kimoja hadi kingine asichokiona, na kwa kawaida hatui kwenye jiwe kavu. Katika machapisho ya mwaka 1951 na 1971 alionyesha kwamba gobi huyo hujifunza umbo la mwamba anapoogelea juu yake wakati wa maji kujaa, na huweza kulikumbuka kwa siku 40. Kwenye pwani ya Kanada, John Green alieleza mwaka 1971 jinsi Oligocottus maculosus, samaki mwingine mdogo wa vidimbwini, anavyohamishwa mbali na kurudi kwenye kidimbwi chake mwenyewe. Utafiti wa baadaye uliitaja harufu kuwa kiongozi wake.

Ukiunganisha hayo na yale ya ngozi, picha hukamilika. Rangi inayolingana haina faida kwa samaki asiyejua ni wapi inalingana. Lazima ajue mwani wake uko wapi, ufa wake uko wapi, na njia ya kurudi wimbi likimtupa.

Kuzaa karibu na nyumbani

Samaki wengi wa baharini hutawanya mayai au vitoto kwenye maji, na mkondo huvichukua mbali. Klipfishi wa kusini mwa Afrika hawafanyi hivyo. Mbegu ya dume huingia mwilini mwa jike, na jike huzaa vitoto vilivyo hai. Werner Veith, aliyechapisha utafiti wake kuhusu Clinus superciliosus mwaka 1979, alieleza kwamba jike mmoja huweza kubeba kwa wakati mmoja vikundi vya vitoto vya umri tofauti. Hazai mara moja akamaliza. Huzaa kidogo kidogo.

Vitoto hivyo huzaliwa vikiwa vimekwisha kukua kiasi, karibu na mwani uleule. Uwezekano wa kupata maficho yanayowafaa ni mkubwa. Lakini uwezekano wa kufika mbali ni mdogo. Mwaka 2008 von der Heyden na wenzake walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya Clinus cottoides, klipfishi wa vidimbwini, wakaonyesha kwamba samaki wa sehemu mbalimbali za pwani ya Afrika Kusini wamegawanyika katika makundi yasiyochanganyikana sana. Kwa jicho la mpita njia ni pwani moja. Kwa samaki ni mitaa iliyopeana visogo.

Hapa ndipo ninaposema nguvu na udhaifu vimetoka mahali pamoja. Kila hatua ya maisha ya samaki huyu, kuanzia tumbo la mama hadi rangi ya utu uzima, imemfunga zaidi kwenye kipande chake cha mwamba. Kipande kikiwa salama, hakuna samaki aliyejiandaa vizuri kuliko yeye. Kikiharibika, hana pa kwenda wala hana wa kuja kujaza nafasi yake upesi.

Mfano mkali ni Clinus spatulatus, aliyeelezwa na Bennett mwaka 1983. Yeye aliacha miamba, akaingia kwenye majani ya majini katika milango ya mito ya Bot na Klein, karibu na Hermanus. Hapatikani kwingine duniani, na yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini. Kinachomtisha ni mabadiliko ya maji: mlango wa mto ukizibwa au kufunguliwa kwa wakati usiofaa, chumvi hupanda au kushuka na majani hufa. Hata akivaa rangi ya kijani iliyo kamilifu, haimfai kitu pasipo na kijani cha kufanana nacho.

Pwani ya Waswahili

Msomaji wa Tanga, Mombasa au Lamu anayeshuka mwambani wakati wa bamvua hatawakuta klipfishi hao. Wachache wa jamii yao hufika kusini mwa Msumbiji, kisha maji ya moto yanawakomesha. Katika vidimbwi vyetu nafasi yao imechukuliwa na bleni na gobi, wakiwemo wa jenasi ile ile ya Bathygobius iliyomshughulisha Aronson. J.L.B. Smith, aliyezunguka pwani hii hadi Zanzibar akikusanya samaki, alitoa mwaka 1959 machapisho kuhusu makundi hayo mawili katika magharibi ya Bahari ya Hindi.

Tofauti kubwa iko katika uzazi. Bleni na gobi hutaga mayai kwenye mashimo au chini ya mawe, dume huyalinda, na vitoto vikianguliwa huchukuliwa na maji kabla ya kurudi mwambani. Kwa hiyo kidimbwi kilichoharibiwa Afrika Mashariki kina nafasi ya kupokea wageni kutoka mbali. Cha Rasi hutegemea zaidi jirani wa karibu. Mwani nao ni tofauti: katika maji ya joto yenye tafi na walaji wengine wengi wa mimea, mwani mwambani huwa mfupi, na samaki hujificha zaidi kwa rangi ya mwamba na kwa mashimo.

Hata hivyo, jiwe ni jiwe kokote. Anayechokoa pweza au kutafuta chambo akiligeuza jiwe na kuliacha kifudifudi, mayai yaliyobandikwa chini yake hukauka, na ufa uliokuwa nyumba hupotea. Hilo ni kweli Rasi na ni kweli Jambiani.

Tuhifadhi nini?

Sera za bahari zimezoea kuhesabu samaki wanaovuliwa. Klipfishi havuliwi kwa biashara, kwa hiyo haingii kwenye takwimu za mavuno, na kutokuonekana kwake machoni pa korongo kumekuwa kutokuonekana kwake kwenye makabrasha. Afrika Kusini ina historia nzuri ya hifadhi: ile ya Tsitsikamma ilianzishwa mwaka 1964, na mwaka 2019 zilitangazwa nyingine 20. Lakini hifadhi chache kubwa zilizo mbali mbali zinamfaa zaidi samaki ambaye watoto wake husafiri. Kwa samaki anayezaa mlangoni pake, umbali kati ya hifadhi una uzito sawa na ukubwa wake.

Mwani wenyewe hausimami. Mwaka 2012 John Bolton na wenzake waliripoti kwamba Ecklonia maxima imesogea mashariki kupita Rasi ya Agulhas, kinyume na matarajio ya wengi kwamba joto la dunia lingeirudisha nyuma kila mahali. Kome wa Mediterania, aliyeingia pwani ya Afrika Kusini katika miaka ya 1970, naye amefunika miamba mingi ya magharibi na kubadili kinachoota juu yake. Mabadiliko ya namna hii hayamgusi klipfishi moja kwa moja. Hubadili mandhari ambayo mwili wake umejifunza kuifuata. Huenda akapata eneo jipya upande mmoja huku akipoteza jingine upande wa pili, na orodha ya spishi isionyeshe lolote hadi kundi zima la mtaa fulani limetoweka.

Kipimo kinachofaa, basi, si idadi ya samaki peke yake. Ni eneo la mwani lililosalia, idadi ya vidimbwi ambavyo mawe yake hayajageuzwa, hali ya milango ya mito, na ukaribu wa sehemu hizo zenyewe kwa zenyewe. Mambo hayo hupimika kwa kamba na daftari, maji yakiwa yamekupwa, na jamii za pwani zinaweza kuyapima bila kusubiri meli ya utafiti. Anayetaka kumlinda kiumbe ambaye silaha yake kubwa ni kufanana na mahali, na akahesabu kiumbe bila kuhesabu mahali, ameanzia mwisho wa hesabu.